Unachora Nchi ya Kubuni? Anza na Mvua ya Embu

Kutoka kilele cha Batian, mita 5,199 juu ya usawa wa bahari, hadi ukingo wa Bwawa la Kiambere, ukipima kwa mstari ulionyooka hufiki kilomita 100. Njiani kuna barafu kidogo iliyobaki, mawe matupu, lobelia ndefu kuliko mtu, ukanda wa mianzi, msitu mnene, mashamba ya chai, ya kahawa, kisha mahindi, muguka na mtama, na mwishowe vichaka vya migunga vyenye mizinga ya nyuki matawini. Mtunzi wa hadithi akiviweka vyote hivyo katika nchi moja ndogo, mhariri atamwambia amezidisha chumvi. Lakini Embu ndivyo ilivyo. Meru nayo ina vyake: Milima ya Nyambene huku, uwanda wa Mbuga ya Meru kule chini, na ikweta inayokatiza barabara kati ya Nkubu na mji wa Meru.

Sasa fungua programu yoyote maarufu ya kuchora ramani za nchi za kubuni. Utakachopewa kwanza ni ngome ya mawe yenye minara, msonobari uliobeba theluji, kinu cha upepo na joka. Ukitafuta mgunga au nyumba ya msonge itakubidi uchimbe, na mara nyingi utatoka mikono mitupu. Wanaouliza programu ipi ni bora huulizia bei, urahisi na uzuri wa picha. Hayo ni maswali halali, nami nitayajibu. Lakini kwa mtu wa pande hizi kuna swali linalotangulia: programu hii itaniruhusu kuingiza nini ambacho yenyewe haina?

Tuanze na matumizi: wengi huzichora ramani hizi kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wahusika. Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, huchezwa na watu wanne au watano waliozunguka meza. Mmoja ni msimamizi: ndiye anayeijua nchi, wafalme wake, wanyama wake na siri zake. Wengine kila mmoja hujivika mhusika, husema anachotaka kufanya, na dadu yenye nyuso 20 huamua kama amefaulu. Uliozaa mingine yote ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hauhitaji ubao kama drafti wala mashimo na kete kama bao. Una maneno, karatasi na ramani, na ramani ndiyo inayozuia ugomvi. Mchezaji akisema anakimbilia kijiji cha pili kabla giza halijaingia, lazima mtu ajue kijiji kiko umbali gani, na kama kuna mto katikati.

Waandishi nao walikuwa wakifanya hivyo kabla ya mchezo kuzaliwa. Robert Louis Stevenson alichora kisiwa kwanza, mwaka 1881, ndipo hadithi ya Treasure Island ikamjia. Ramani hiyo ilipopotea ikiwa njiani kwenda kwa mchapishaji, ilimbidi akipekue kitabu chake mwenyewe ili achore nyingine itakayolingana nacho. Ramani za The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, iliyotoka 1954 na 1955, zilichorwa kwa ajili ya uchapishaji na mwanawe Christopher.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna nchi za kubuni pia, ila tulizizoea bila ramani. Kusadikika ya Shaaban Robert ilituma wajumbe pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka 1995, hufikiwa kwa chombo cha angani. Nimejaribu kuichora Kusadikika kwenye kompyuta, na kila programu inakwama pale pale, kwa kuwa karatasi yake ina pande nne tu. Mwanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Embu, au wa kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, akitaka mradi ambao haujafanywa, huo hapo.

Jambo la pili ni aina ya ramani. Ramani ya mapigano, inayoonyesha chumba au pango kwa miraba, ni kazi tofauti kabisa na ramani ya nchi. Kwa ramani ya mapigano kuna Dungeondraft, ya kununua, na Dungeon Scrawl, inayofanya kazi kwenye kivinjari na kuanza nayo ni bure. Ramani ya mji utaipata kufumba na kufumbua kwa programu ya mtunzi anayejiita Watabou, nayo pia ni ya bure, ila miji yake huja na ukuta, ngome na uwanja wa soko, utadhani kila mji duniani ulizaliwa ukiwa umezingirwa na maadui. Ukuta unaweza kuuzima, lakini mpango wa mitaa unabaki wa Ulaya ya kale. Embu ilianza kama kituo cha utawala wa Waingereza mwaka 1906, na sura yake ni ya barabara kuu na maduka yaliyoifuata. Mji wa namna hiyo ni afadhali uuchore kwa mkono.

Kwa nchi nzima, pa kuanzia ni Azgaar's Fantasy Map Generator. Haina malipo, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na unaweza kuupakua ukautumia bila intaneti. Ukibonyeza mara moja inakutolea bara zima lenye mito, falme, dini, miji na barabara. Wengi hushangaa, wakapiga picha ya skrini, wakaishia hapo. Usiishie hapo. Ndani yake kuna ukurasa wa kupanga dunia, ambako unaiambia ramani iko latitudo gani, ikweta ina joto kiasi gani, na upepo unavuma kutoka wapi. Programu hubeba mvua kwa upepo huo. Upepo ukigonga mlima, maji yanamwagika upande mmoja, na upande wa pili unabaki mkavu.

Hilo ndilo somo la Mlima Kenya. Pepo za kutoka Bahari ya Hindi huleta masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba, na miteremko ya kusini-mashariki, kuanzia Embu kupita Chuka, ndiyo inayonufaika zaidi. Zunguka mlima hadi Timau na Nanyuki, na badala ya chai unakuta ngano na nyasi za ranchi. Teremka kutoka Manyatta hadi Mbeere, na mvua inapungua kila unapopiga hatua, hadi mkulima anaacha mahindi na kushika mtama. Mtu aliyekulia hapa anajua mambo haya bila kufundishwa. Akiyaingiza kwenye programu atapata nchi ambayo hata mgeni asiyefahamu sababu yake ataihisi kuwa ya kweli. Ukiiacha kompyuta iamue yenyewe unaweza kujikuta na pwani ya barafu. Iteremshe ramani hadi ikweta, elekeza upepo utoke mashariki, kisha uone jangwa lako likihama.

Kuna kasoro moja inayochekesha. Azgaar ina hifadhi za majina za kuzalishia majina ya miji, na moja imepewa jina la Kiswahili. Ukiifungua unakuta miji ya Kenya, Tanzania na Uganda imechanganywa pamoja, Arusha na Gulu, Eldoret na Mbarara. Kompyuta hukata silabi zao na kuziunga upya. Mtu wa mbali atasema haya ni majina ya Afrika. Kwa mtu wa Runyenjes hayatoki popote. Uzuri ni kwamba hifadhi hiyo inafutika, ukaandika yako. Anza na mito: Rupingazi, Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita, Ura. Ongeza vilima na masoko. Kadiri orodha inavyorefuka ndivyo majina mapya yanavyozidi kufanana na yale ambayo bibi yako angeweza kuyatamka.

Mito hiyo ina faida nyingine. Ramani mbaya ya kubuni utaitambua kwa mito yake: mto unaogawanyika mara mbili katikati ya nchi bila sababu, ziwa linalomwagikia bahari mbili, maji yanayopanda mlima. Mito niliyoitaja hushuka kutoka milimani kila mmoja kwenye bonde lake, na yote huishia Tana. Kati ya bonde na bonde kuna mgongo wa ardhi. Kuufuata mgongo, kupanda au kushuka, ni rahisi. Kuuvuka kwenda wa pili ni kuteremka hadi majini na kupanda tena upya. Ndiyo maana ukitazama ramani ya zamani unawaona Wachuka, Wamuthambi, Wamwimbi, Waigoji na Waimenti wamepangika kwa vipande vilivyokatwa na mito. Aliyewahi kupanda matatu kutoka Embu hadi Meru, akayaona makorongo yale na mteremko wa daraja la Nithi, anajua gharama ya barabara inayokatiza mabonde badala ya kuyafuata.

Basi mchezoni siku moja ya safari kwa kufuata mgongo isihesabiwe sawa na siku moja ya kuikatiza migongo. Programu nyingi hupima umbali kwa rula, kana kwamba nchi ni meza. Hesabu ya jasho uifanye mwenyewe na uiandike pembeni mwa ramani.

Azgaar ikishakupa mifupa, huenda ukataka ramani ya kupendeza, ya kutundika ukutani au kuweka kwenye kurasa za mwanzo za riwaya. Hapo ndipo mfuko unapoulizwa. Wanaoshindana zaidi ni wawili. Inkarnate hufanya kazi kwenye kivinjari, ni rahisi kujifunza, na picha zake ni nzuri mno. Ina ngazi ya bure, yenye alama chache na picha za ukubwa mdogo, na hairuhusu uuze ulichochora. Ngazi ya kulipia iliwahi kuwa kama dola 25 kwa mwaka, yaani karibu shilingi 3,200. Wonderdraft hununuliwa mara moja, kama dola 30, unaisakinisha kwenye Windows, Mac au Linux, na baada ya hapo haikuulizi intaneti wala malipo mengine.

Kulipa si kikwazo tena kama zamani, kwa kuwa tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye simu. Kikwazo ni kinachofuata baada ya kulipa. Mwenye intaneti ya waya nyumbani Kaaga au Makutano hataona ubaya wowote wa Inkarnate. Anayenunua data ya saa 24 atauona haraka, maana kazi yake yote iko kwenye kompyuta za watu wengine, na data ikiisha hata ramani yake mwenyewe haioni. Stima ikipotea, mwenye Wonderdraft ataendelea hadi betri iishe. Kwa upande mwingine Wonderdraft inataka kompyuta yenye uwezo wa picha, na laptopu nyingi za ex-UK tunazonunua hukohoa zikiombwa ramani kubwa. Ijaribu kwenye mashine ya rafiki kabla hujatoa pesa. Mimi nikiambiwa nichague moja, ningelipa mara moja, nikapunguza ukubwa wa ramani.

Campaign Cartographer nitaigusa tu. Ilianza 1993, ni ya kampuni ya Uingereza iitwayo ProFantasy, ni ya Windows, na imejengwa kwa mtindo wa programu za kuchorea majengo. Aliyesomea uhandisi au upimaji ataielewa na kuipenda. Wengine wataifunga kabla chai haijapoa.

Ninarudi kwenye swali langu la mwanzo, kwa sababu hapa ndipo programu zinapotofautiana kweli. Wonderdraft ina folda ambayo ukitia picha zako, zinatokea ndani ya programu zikiwa mihuri kama ile iliyonunuliwa nayo. Inkarnate nayo inakuruhusu kupandisha mihuri yako, ila ukiwa umelipa. Kwa hiyo nusu ya ununuzi wako ni programu, na nusu ya pili ni mchana mmoja wa kuchora. Chukua karatasi nyeupe na biro nyeusi. Chora mgunga wenye kichwa bapa, mbuyu wa Tharaka, mugumo, mkungu wa ndizi, kichaka cha mianzi. Chora msonge, ghala la nafaka lililoinuliwa juu ya miguu, mzinga wa gogo ukining'inia, soko la wazi, kisima, kivuko cha kamba. Chora vilima vya aina mbili, kile cha mviringo cha Nyambene na kile cha mawe cha Mbeere, kwa maana programu zitakupa pembetatu zenye theluji tu. Piga picha kwa simu, zisafishe kwa GIMP au Krita, ondoa usuli mweupe, na uhifadhi kwa PNG. Programu hizo mbili hazilipiwi. Ukitaka mistari isiyochakaa hata ukiikuza ukubwa wa ukuta, tumia Inkscape, nayo ni ya bure.

Vijana wengine huniambia hawajui kuchora. Alama ya ramani si picha ya maonyesho. Mgunga ni mstari mmoja uliosimama na mwingine uliolala juu yake.

Na kuna njia ambayo wachezaji wengi hawaifikirii, nami naiona bora kuliko zote kwa mtu wa Meru au Embu: kuichukua nchi yenyewe na kuipotosha. Februari 2000 chombo cha angani Endeavour kiliruka kwa siku 11 kikipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya dunia. Mwaka 2014 Marekani ilianza kutoa vipimo hivyo kwa undani wa kama mita 30, na Afrika ikawa ya kwanza kufunguliwa. Viko mtandaoni bure, vimekatwa vipande vya digrii moja kwa digrii moja. Kipande kiitwacho S01E037 kina vilele vya Mlima Kenya, mji wa Embu na sehemu kubwa ya Mbeere. Kile cha juu yake, N00E037, kina mji wa Meru. Ikweta ndiyo mkato kati yao, hivyo utavihitaji vyote viwili.

Programu ya kuvifungulia ni QGIS, ambayo wataalamu wa ramani huitumia kazini, na ambayo haijawahi kutoza mtu senti. Inaogopesha siku ya kwanza, maana haikutengenezwa kwa ajili ya majoka. Lakini unachohitaji ni mambo machache tu: kuunganisha vipande viwili, kuviwekea kivuli cha miinuko, na kutoa picha ya rangi ya kijivu ambayo nyeupe ni juu na nyeusi ni chini. Picha hiyo Azgaar inaisoma na kuigeuza kuwa ardhi yake. Wonderdraft inakuwezesha kuiweka chini ya karatasi na kuifuatisha.

Kisha ndipo uongo unapoanza. Iambie kompyuta kwamba bahari iko mita 1,250. Kiritiri, Kiambere na nyanda za Tharaka zimezama. Embu, iliyo mita 1,350 hivi, inageuka mji wa karibu na ufuo, na migongo yote ya kahawa inakuwa rasi ndefu zinazoingia majini, kila moja na ghuba yake. Kilima cha Kiang'ombe, chenye kama mita 1,800, kinabaki kisiwa. Ipindue ramani kusini iwe juu, badilisha majina, na hata mwenyeji wa Siakago hataitambua nchi yake, ingawa mito yote itakuwa inakwenda inakopaswa kwenda. Hakuna kitufe cha kuzalisha milima ovyo kitakachokupa nchi yenye mantiki kama hiyo.

Tahadhari moja. Baadhi ya mahali hapa si mapambo. Ziwa Nkunga, kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes, makao ya baraza la wazee la Njuri Ncheke kule Nchiru, hivi ni vitu vya watu walio hai, wanaoviheshimu leo. Ukitaka kuweka kitu cha namna hiyo kwenye mchezo wako, kibadilishe jina na mahali, na usikifanye pango la majambazi. Vivyo hivyo mipaka. Azgaar itakuchorea mipaka ya falme kwa rangi za kupendeza, lakini sote tunajua mpaka wa Meru na Isiolo umeleta mizozo mingapi, nisingependa kuuona ukigeuzwa mzaha wa dadu.

Kuhusu mipaka kuna jambo ambalo wabunifu wengi husahau: ramani ina tarehe. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi kaunti zilipochukua nafasi mwaka 2013. Wilaya ya Meru ilimegwa mwaka 1992, na Mbeere ikatolewa Embu mwaka 1996. Leo Meru ni kaunti namba 012, Tharaka-Nithi 013, Embu 014. Haya yote yametokea ndani ya maisha ya mtu ambaye bado hajastaafu. Nchi ya kubuni yenye mipaka ileile kwa miaka elfu moja haina siasa ndani yake. Hifadhi nakala kadhaa za faili lako, moja kwa kila enzi, na wape wachezaji ile iliyopitwa na wakati. Watafika kwenye lango la mji na kukuta ushuru unatozwa na mtu wasiyemtarajia.

Ramani yenye makosa ni hazina mchezoni, na Afrika Mashariki ina mfano mzuri kuliko wowote ninaoujua. Mwaka 1856 ulichapishwa Ulaya mchoro wa wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, uliotokana na masimulizi ya watu wa misafara ya pwani. Kila msafiri, kwa njia yake, alisema huko bara safari huishia kwenye maji makubwa. Wamisionari wakayaunganisha maji yote, wakapata bahari moja yenye umbo la konokono asiye na gamba, iliyolala pale ambapo kweli kuna Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa. Hakuna msafiri aliyedanganya. Mwaka uliofuata Burton na Speke walikuwa njiani kwenda kuangalia. Na mwenzao wale wamisionari, Ludwig Krapf, aliyeuona Mlima Kenya kutoka Kitui mnamo Desemba 1849, alitiliwa shaka na wataalamu wa Ulaya waliokuwa hawajatoka nyumbani: theluji kwenye ikweta, haiwezekani!

Ameru nao wana masimulizi ya safari ambayo ni ramani kamili bila karatasi. Walikuwa Mbwaa, kisiwani, ambako baadhi ya watafiti hudhani ni Manda karibu na Lamu. Wakatawaliwa na watu wa nguo nyekundu, Nguo Ntuni, waliowapa kazi zisizowezekana. Wakatoroka, maji yakawapisha. Waliovuka usiku wakawa koo nyeusi, alfajiri nyekundu, mchana nyeupe: Njiru, Ntune, Njeru. Ukitaka kuichora safari hiyo, rula haitakufaa, kwa sababu kipimo chake ni saa na si kilomita. Ningeichora kama ukanda mrefu, pwani mwanzoni na mlima mwishoni, na rangi ya anga ikibadilika njiani. Krita itafanya hivyo vizuri. Inkarnate itakulazimisha kwanza uchague rangi ya bahari.

Hata ramani hafifu kupita kiasi inaweza kumfikisha mtu. Januari 1943 Felice Benuzzi na Waitaliano wenzake wawili walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki ili wapande mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia seng'enge. Mchoro waliokuwa nao ulikuwa picha kwenye lebo ya kopo la nyama. Wawili kati yao walifika Lenana, mita 4,985, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao. Msimamizi wa mchezo anayelalamika kwamba programu yake haina alama za kutosha na afikirie lebo hiyo.

Limebaki suala la kuchapisha, na hapa makosa ni ya bure lakini malipo si ya bure. Karatasi ya A3 inayochapishwa vizuri inataka picha ya pikseli kama 3,508 kwa 4,961. Ukitoa ndogo kuliko hiyo, majina ya mito yatatoka yamefifia, na mwenye saiba atakutoza rangi ile ile. Weka kipimo cha umbali kama mstari uliochorwa ndani ya ramani, usiandike sentimita moja ni kilomita kumi, kwa kuwa mashine za saiba hupenda kupunguza ukurasa bila kukuuliza, na mstari utapungua pamoja nao. Jaribu kwanza nyeusi na nyeupe. Ikiwa mto na barabara havitofautiani bila rangi, rekebisha unene wa mistari kabla ya kulipia ya rangi.

Toa nakala mbili. Ya wachezaji iwe na masoko matatu, mto mmoja na mlima ambao jina lake halijakubaliwa na wote. Yako iwe na vyote, nayo ikae chini ya daftari.